Dakika Hamsini za Mgeni Rasmi

Kwa miaka thelathini na moja Dorkasi Ndahani alifungua ofisi za watu wengine asubuhi na kuzifunga jioni. Alikuwa mhudumu: alipiga deki, akafuta meza, akachemsha chai, akapeleka mafaili, akapanga viti vya mkutano na kuvipangua mkutano ulipoisha. Alianzia ofisi za mkoa, na serikali ilipohamia Dodoma akapelekwa kwenye taasisi moja yenye jengo la vioo na lifti inayoongea. Wakuu aliowahudumia walikuwa saba. Wanne walimwita mama, wawili walimwita wewe, na mmoja hakuwahi kumwita kwa lolote, aligonga tu kalamu mezani.

Katika miaka yote hiyo kuna maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko hata jina la Mungu, na alikuwa Mwanglikana wa kweli, hakosi ibada. Aliyasema kwa watu waliokaa kwenye benchi la korido, wenye bahasha mapajani, waliotoka Mpwapwa na Kondoa usiku kumwahi mkubwa aliyewapa miadi ya saa mbili. Saa nne ikifika Dorkasi anapita na sinia la chai, wanamtazama, naye anawaambia kwa upole, "Subirini kidogo, yuko njiani." Mara nyingi hakujua kama kweli yuko njiani. Aliyasema kwa sababu aliamini kwamba mtu anayesubiri kwa adabu hapotezi kitu.

Kila Mei Mosi taasisi ilichagua mfanyakazi bora. Uwanjani jina linaitwa, mtu anapanda jukwaani, anapewa cheti na mkono wa mkubwa, anapigwa picha. Dorkasi hakuwahi kuitwa. Mwaka mmoja fununu zilienea kwamba safari hii ni zamu ya wahudumu, akashona kitenge kipya, akakaa safu ya pili ili asisumbue watu akiinuka. Akaitwa dereva wa mkurugenzi. Dorkasi alipiga makofi kama wengine, na kitenge kile akaenda kukivaa msibani.

Kukimbia kulianza kwa sababu ya presha. Daktari wa zahanati alimwambia apunguze chumvi na atembee, basi akaacha kupanda gari jioni, akawa anatembea kutoka kazini mpaka kwake Nzuguni. Jioni moja mawingu yalitanda akakimbia kuwahi nguo alizoanika, akafika, akaanua, na akakuta amefurahi bila sababu. Kesho yake hakukuwa na mawingu na alikimbia vilevile. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. "Mama Luka, nani anakukimbiza?" walimwuliza, kwa jina la mwanawe wa kwanza kama ofisini walivyomwita. Yeye alijibu, "Miguu yenyewe," akapita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, kiuno kipana, na mwendo wake haukumzidi sana mtu anayewahi kanisani. Lakini alikuwa hasimami, na hilo ndilo lilikuwa lake.

Aliyemwambia habari za mbio ni Munira, katibu muhtasi wa mkurugenzi, binti wa Tanga mwenye maneno mengi na moyo mzuri.

"Shikamoo Mama Luka. Mwezi wa saba kuna mbio hapa mjini, kilomita ishirini na moja. Ofisi yetu ni mdhamini, sisi tunaingia bure. Nikuandikishe?"

"Marahaba. Mimi na vijana wale wa Singida wenye miguu kama swala?"

"Wale wanashindana wao kwa wao. Wewe unatafuta medali tu. Kila anayemaliza ndani ya dakika mia na themanini anavishwa."

Dorkasi aliweka sinia chini. "Anavishwa kila mtu? Anachagua nani?"

"Hachagui mtu, mama. Ukifika umefika."

Usiku ule aliyarudia maneno hayo kitandani. Mbele yake kulikuwa na miezi minne tu astaafu, na alijua atakavyoagwa: soda, hotuba, na cheti kimoja chenye jina lililokosewa herufi. Lakini hii medali ilikuwa kitu kingine. Haikupita kwenye kikao, haikusainiwa na mtu, haikutegemea kama mkubwa ameamka vizuri. Ilitegemea miguu yake na saa. Alitaka kabla hajaondoka serikalini awe na kitu kimoja shingoni ambacho hakupewa na bosi yeyote. Asubuhi alimwambia Munira aandike.

Akajifunza kuhesabu dakika. Mwanawe Luka alimtumia saa ya plastiki yenye kitufe pembeni, na kila Jumamosi alikibonyeza mlangoni kwake na kukimbia kwenda na kurudi, kwenye upepo na vumbi, akipishana na punda wa maji na mama wa zabibu wenye ndoo kichwani. Mara ya kwanza dakika mia mbili na nne. Baada ya mwezi, mia na tisini. Jumamosi ya mwisho Munira alimsindikiza kwa bodaboda akiwa na simu mkononi, na kilomita ya ishirini na moja ilipokamilika alipiga kelele barabarani: mia na sabini na mbili. Dorkasi akabaki na akiba ya dakika nane, akaifurahia kuliko nyongeza yoyote ya mshahara aliyowahi kupata, ambazo kusema kweli hazikuwa nyingi.

Siku ya mbio, kipupwe kilikuwa kimeshika Dodoma mpaka watu walisema wakitoa moshi. Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia ilitoka uwanjani, ikapita Makole, ikashika barabara kuu mpaka Nzuguni, ikageuka na kurudi ilikotoka. Kibali cha polisi kilisema barabara ifungwe mpaka saa tatu na nusu, basi. Hizo ndizo dakika mia na themanini. Kila mtu alikuwa ameelezwa, na hesabu ilikuwa rahisi kabisa.

Saa kumi na mbili na nusu watu walikuwa wamejipanga. Mkeka wa kuanzia, ule unaosoma muda wa kila mkimbiaji, umewashwa, polisi wamefunga barabara, malori yamesimamishwa Nzuguni. Viti vya jukwaa vimevaa vitambaa vyeupe na chupa za maji zimepangwa mbele yavyo. Kilichokosekana ni mtu mmoja. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, "Ndugu wakimbiaji, tuendelee kupasha misuli, mgeni rasmi yuko njiani."

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Misuli ikapashwa mpaka ikaanza kupoa tena.

Nyuma kabisa, kwenye kundi la watu wasio na haraka, alisimama karibu na Dorkasi mzee mmoja mrefu wa Mkonze, mwalimu mstaafu aitwaye Bartolomayo, mwenye bandeji gotini. Huyu alikuwa mtu wa hesabu. Alitazama saa yake, akatazama polisi, akamwita msimamizi wa njia, kijana aliyevaa kizibao cha njano aitwaye Fredy.

"Kijana, barabara itafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, mwalimu. Kibali kinasema hivyo."

"Hata tukiondoka saa mbili?"

Fredy alikuna kichwa. "Kibali hakijui tumeondoka saa ngapi." Halafu akashusha sauti. "Ninyi wa mwendo wa pole nendeni tu. Mkeka umewashwa, chipu iliyo kwenye namba ya kila mtu inaanza kuhesabu akikanyaga. Pitieni pembeni hapa, hakuna atakayewaona."

Mwalimu Bartolomayo aligeuka kwa wenzake. Walikuwa zaidi ya mia: kina mama wa kwaya, wazee wa presha na sukari, wanafunzi wanene, wafanyakazi wa wizara waliokuja kwa ajili ya picha. "Jamani, tuondoke. Hawa wa mbele wanazo dakika za kuchezea. Sisi hatuna."

Watu wakaanza kusogea. Na hapa ndipo Dorkasi Ndahani, ambaye hakuna aliyemwomba, alipofungua mdomo.

"Tutaondokaje kabla ya mgeni?" alisema. "Mtu anakuja kutufungulia mbio, anakuta tumeshaondoka? Itakuwa aibu kwa waandaaji. Subirini kidogo wanangu, yuko njiani."

Aliyasema vizuri, kwa sauti ile ile ya korido, na watu wakamsikia, maana sauti ya kuwatuliza watu alikuwa nayo. Wale waliokwisha kusogea walirudi. Hata mwalimu alishusha mabega, akasema, "Haya mama, labda ni kweli." Ningekuwepo ningemziba mdomo kwa kiganja. Lakini nani angemlaumu? Mtu aliyefundishwa kusubiri kwa miaka thelathini na moja hawezi kusahau somo asubuhi moja.

Mgeni rasmi alifika saa moja na dakika tano, na magari manne. Alipeana mikono na safu ya mbele. Akaomba radhi, alikuwa na kikao. Kikao gani Jumamosi alfajiri, aliyejua ni yeye na mto wake. Kisha akahutubia dakika kumi na mbili juu ya afya na uchumi, akawashukuru wakimbiaji kwa uvumilivu wao, akapunga bendera saa moja na dakika ishirini. Mwenyewe alikuwa ameandikishwa mbio fupi za siku hiyo, kilomita tano za kujifurahisha. Alitembea mpaka kona ya kwanza, mkurugenzi wa Dorkasi kando yake, wakapigwa picha, na gari likawachukua. Kabla jua halijapanda wote wawili walikuwa na medali shingoni.

Dakika hamsini zilikuwa zimekwenda. Vijana wa Singida hawakuzihisi, wao walimaliza na kuoga. Zilikatwa zote kwenye miguu ya watu wa nyuma.

Dorkasi alibonyeza kitufe akakimbia. Hesabu aliijua lakini aliikataa. Alijiambia kwamba hawawezi kuwa wakali hivyo, watu wenyewe wameona nani kachelewa, wataongeza muda. Makole ilipita. Barabara kuu ikanyooka mbele yake na upepo usoni. Nzuguni majirani walikuwa wametoka, safari hii hawacheki. Mama wa genge alimkimbilia na chungwa lililomenywa, na watu waliita jina lake lote, Dorkasi Ndahani, kama linavyoitwa Mei Mosi la mtu mwingine. Alizunguka nguzo ya kugeuzia akiwa na dakika themanini na tano. Alikuwa anakimbia vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

Kilomita ya kumi na sita alisikia honi nyuma yake. Ilikuwa saa tatu na nusu kamili. Malori yaliyozuiliwa tangu alfajiri yalikuja kwa hasira zote, na mbele yayo, kwa mwendo wa pole, basi la kuokota waliobaki nyuma. Fredy alikuwa amening'inia mlangoni.

"Mama, panda. Muda umeisha."

"Haujaisha," Dorkasi alisema bila kusimama. "Tazama saa yangu. Dakika mia na thelathini. Nimebakiza hamsini."

"Kibali mama. Barabara imefunguliwa."

"Mlituchelewesha ninyi!"

Fredy aliruka chini akatembea naye, maana kwa mwendo wa Dorkasi mtu mwenye miguu mirefu hakuhitaji kukimbia. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama kwa huruma, akasema taratibu, "Mama yangu, mimi niliwaambia muondoke."

Kwa mara ya kwanza tangu mbio zianze Dorkasi alisimama.

Ndani ya basi, dirishani, aliwaona. Kina mama wa kwaya, wanafunzi, wazee. Mwalimu Bartolomayo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo na mkono juu ya goti. Macho yao yalikutana. Ingekuwa afadhali mwalimu angemtukana.

"Namba yako mama, ina chipu. Naomba," Fredy alisema.

Dorkasi alichomoa pini nne moja moja, akampa karatasi. Kisha akavuka mtaro akaendelea kukimbia pembeni ya barabara, kwenye mchanga, kati ya bodaboda na mashimo, malori yakimmwagia vumbi. Alisimamishwa na taa, akasimamishwa na mifugo, akapigiwa honi na watu waliodhani ni kichaa. Hakuwaza medali tena. Aliwaza lile dirisha.

Aliingia uwanjani, akavuka mstari wa chokaa pale lango lilipokuwa, akabonyeza kitufe. Dakika mia na sabini na sita. Hata kwa mchanga na malori, alikuwa ndani ya muda.

Lango lenyewe, lile la kujazwa upepo, lilikuwa limenywea, limelala chini. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Meza ya medali ilikuwa meza tu. Vijana wawili walikuwa wakipakia spika, na mwanamume mmoja mwenye orodha mkononi alimwona mama mtu mzima, fulana ya mdhamini, vumbi mpaka kwenye nyusi, kifuani hana namba.

"Ah, mama, mmekuja wa usafi? Mbona mmechelewa hivyo? Anza na viti vya jukwaani, gari linasubiri."

Dorkasi alifungua mdomo amwambie. Akatazama jukwaa. Akaona vile vitambaa vyeupe, vimevutwa ovyo, vingine vimekanyagwa, na bila yeye kuamua mikono yake ikaanza: kuvua kitambaa, kukunja mara mbili, kupandanisha viti kumi kumi. Alifika kiti cha nane ndipo akagundua anachofanya. Aliketi kwenye hicho cha nane, kilikuwa cha safu ya mbele.

Jumatatu alifungua ofisi kama kawaida. Saa tano gari la waandaaji lilileta boksi moja zito. Medali zilizobaki, kwa kuwa taasisi ndiyo ilizidhamini. Mkurugenzi alitoka kulitazama. Ya kwake alikuwa ameshaitundika ukutani, karibu na picha za mahafali, na Dorkasi alikuwa ameshaifuta vumbi asubuhi hiyo.

"Mama Luka, nasikia na wewe ulijaribu," alisema kwa bashasha. "Chukua moja bwana. Ziko nyingi."

"Asante, mkurugenzi."

Akalibeba boksi mpaka stoo, akaliweka rafu ya chini, akafunga mlango. Ufunguo wa stoo ulikuwa wake. Kwa wiki sita zilizobaki alipita hapo kila siku kuchukua sabuni na karatasi za chooni, na boksi halikuwa na kufuli, mfuniko tu. Munira alimwambia mara mbili, "Chukua mama, haki yako ile." Dorkasi hakulifungua. Hakuwa na hakika kama ni zake. Ya mwalimu Bartolomayo ilikuwemo humo, na za wale kina mama, na yeye ndiye aliyewarudisha mstarini.

Siku yake ya mwisho kazini alikabidhi funguo kwa Anna, mhudumu mpya, mama kijana wa Mkonze. Alimwonyesha sabuni, birika, vikombe vya wageni na vikombe vya wafanyakazi.

"Na hili boksi, mama?"

"Medali."

"Za nani?"

"Za watu waliomsubiri mgeni," Dorkasi alisema. Anna alicheka akidhani ni utani.

Hafla ya kumuaga iliandikwa saa nane mchana, ukumbi wa ghorofa ya pili. Viti alivipanga mwenyewe, kwa mazoea, na Munira alimfukuza mara tatu asivipange. Saa nane kamili alikuwa amekaa mbele, kiti cha katikati, amevaa kile kitenge cha Mei Mosi. Soda zilikuwa mezani na cheti chake kimewekwa kwenye fremu. Watu walikuwa wamejaa. Mkurugenzi hakuwepo.

Saa nane na dakika kumi Anna aliingia, kaagizwa, akamwinamia sikioni kwa adabu nzuri.

"Mama, subiri kidogo. Yuko njiani."

Dorkasi aliinua uso akamtazama yule binti. Lilikuwa neno lake lenyewe, na sauti ile ile, kana kwamba vilikuwa kwenye kitita cha funguo alizomkabidhi asubuhi. Akachukua mkoba wake. Akainuka, akapita kati ya safu za viti, akasema "samahani" kwa kila aliyemsogezea magoti, akashuka ngazi badala ya lifti. Getini alibonyeza kitufe cha saa yake. Lakini miguu yake haikukimbia, na hakujua alibonyeza kwa sababu gani.

Munira alipiga simu saa tisa na nusu.

"Mama Luka, jamani, uko wapi? Mkurugenzi kafika, kahutubia, kakusifu sana. Watu wamelia. Si ungesubiri kidogo tu?"

"Nimeshafika Nzuguni, mwanangu."

"Haya. Cheti chako usijali, nimempa Anna akitunze stoo. Kakiweka kwenye lile boksi la medali kisivunjike kioo."

Dorkasi alicheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, mpaka mama wa genge akageuka kutazama kuna nini. Kisha akaketi juu ya kreti la soda pembeni ya barabara, simu ingali sikioni na Munira akiita halo, halo, na hapo ndipo alipolia, jambo ambalo hakulifanya siku ya mbio.